Kinachofuata Baada ya Kilio

Mapema mwaka huu nilimsindikiza mdogo wangu kliniki kumpeleka mwanawe chanjo ya miezi tisa. Tulikaa kwenye benchi la mbao pamoja na kina mama wengine, kadi mkononi, tukisubiri zamu ya mzani. Mtoto alikuwa mchangamfu. Alikuwa akivuta ushungi wa mama aliyekaa mbele yetu na kucheka kila mama yule alipogeuka. Mara akapita nesi mwenye gauni jeupe, faili kwapani, anawahi chumba kingine. Hakumgusa mtoto wala hakumtazama. Mtoto akauachia ushungi, mdomo ukapinda, akajizika kifuani mwa mama yake na kuangua kilio.

"Huyu kashawajua," akasema bibi mmoja pembeni yetu, na benchi zima likacheka kwa huruma.

Kashawajuaje? Mtoto wa miezi tisa halijui neno sindano. Hajui hospitali ni mahali gani wala nesi ni nani. Mama asiyemfahamu amemchezea ushungi wake bila wasiwasi, kwa hiyo huwezi kusema anaogopa wageni tu. Ila wiki ya 6, ya 10 na ya 14 baada ya kuzaliwa alilazwa mapajani, akaja mtu wa nguo nyeupe, yakafuata maumivu. Na mwezi mmoja kabla ya siku ile alikuwa ameugua homa, akachomwa sindano siku tatu mfululizo. Hakuna aliyemfundisha. Jambo moja lilitangulia, jingine likafuata, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mwili wake ukayafunga pamoja.

Aliyelieleza jambo hili kwa utaratibu alikuwa mwanafiziolojia Mrusi, Ivan Pavlov. Tuzo yake ya Nobel, mwaka 1904, aliipata kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, na mbwa wake wa maabara ndio waliomwonyesha jambo asilolitafuta: walianza kudondokwa mate kabla chakula hakijafika. Akawapigia mlio, kisha akawapa chakula, akarudia hivyo mara nyingi, mpaka mlio peke yake ukatosha kuleta mate. Anayekaa Dar es Salaam au Tanga anaijua habari hii bila kuisoma. Kijana wa kahawa akigonganisha vikombe jioni, kuna wazee ambao midomo hujaa mate kabla birika halijafika barazani.

Mate ya kahawa hayana madhara. Hofu ndiyo inayonisumbua.

Mwaka 1920 huko Marekani, John B. Watson na msaidizi wake Rosalie Rayner wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, walichapisha jaribio walilomfanyia mtoto waliyemtaja kwa jina la Albert. Mama yake alikuwa mnyonyeshaji katika hospitali ya watoto palepale. Walipomjaribu akiwa na miezi tisa hivi, Albert hakuogopa panya mweupe, hakuogopa sungura wala mbwa. Kilichomliza ni kishindo cha nyundo ikigonga chuma nyuma ya kichwa chake. Alipotimiza miezi kumi na moja wakaanza: mtoto akinyoosha mkono kumshika panya, nyundo inalia. Ilitosha mara saba. Baada ya hapo panya akiletwa bila kishindo chochote, Albert analia na kutambaa kumkimbia. Hofu ikavuka mipaka, ikamfikia sungura, mbwa, hata koti la manyoya. Kisha mama akaondoka hospitalini na mwanawe, na watafiti wale hawakuwa wameiondoa hofu waliyoipanda.

Kila nikilisoma jaribio hili nahisi hasira. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeliruhusu, na ni haki. Lakini sijui kwa nini tunalishangaa la Baltimore na kuyafumbia macho ya sebuleni kwetu. Palepale kliniki, nusu saa baada ya kilio cha mpwa wangu, mama mmoja alimgeukia mwanawe wa miaka mitatu hivi aliyekuwa akikimbia huku na huko, akamwambia, "Usipotulia namwita daktari akuchome sindano!" Mtoto akatulia papo hapo. Sote tuliokuwa pale tumewahi kuisema sentensi hiyo, nami nimewaambia wanangu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Tunamgeuza anayetibu kuwa zimwi la kunyamazishia watoto, halafu siku mtoto anapowaka homa tunamlazimisha akae mikononi mwa zimwi hilohilo, na tunamgombeza kwa kuogopa.

Kuna simulizi ya upande wa pili isiyojulikana sana. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones, Mmarekani, aliandika habari za mtoto aliyemwita Peter, aliyekaribia miaka mitatu, aliyekuwa akiogopa sungura. Alimkalisha Peter kwenye kiti chake, akampa chakula anachokipenda, na wakati akila, sungura akaletwa ndani ya tundu, mbali. Siku nyingine karibu kidogo. Wakati mwingine walikuwepo watoto wengine wasiomwogopa sungura, Peter akiwatazama. Haikuwa kazi ya siku moja, na kuna siku hofu ilirudi. Mwishowe Peter alimwacha sungura amtafunetafune vidole. Njia ileile iliyompandia Albert hofu ndiyo iliyomtoa Peter kwenye hofu, ila mara hii kilichofungwa pamoja na mnyama kilikuwa kitu cha kupendeza, na mtoto hakusukumwa zaidi ya alivyoweza kustahimili.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupunguza maumivu wakati wa chanjo. Kati ya yaliyomo ni haya mawili ambayo hayagharimu hata senti: mtoto apakatwe na mzazi wake badala ya kulazwa, na anayenyonya anyonyeshwe wakati anachomwa au muda mfupi kabla. Mdogo wangu alimwomba nesi amruhusu anyonyeshe. Nesi alisema, "Mnyonyeshe tu dada, wala hainizuii." Mtoto alilia, lakini kilio kilikuwa kifupi, na titi lilikuwa karibu.

Hayo ni ya mwili kufunga jambo na jambo. Kuna ujifunzaji wa aina nyingine, ambao mtoto anatenda kwanza kisha anaangalia kinachofuata. Huu nenda kautazame dukani.

Saa kumi na mbili jioni, duka la Mangi limejaa. Mama ananunua mkaa wa kupimwa kwa kopo na mafuta ya kula. Binti yake wa miaka minne anaonyesha biskuti. "Hapana, leo sina hela." Mtoto anaomba tena. Hapana. Anaanza kulia. Hapana. Anajitupa chini kwenye vumbi, viatu vinaruka, watu wanageuka, mmoja anasema mtoto anaonewa. Mama anafunua kanga, anatoa sarafu iliyofungwa pembeni. "Mpe, Mangi, mpe anyamaze."

Waliojifunza jambo hapo ni wawili. Mtoto amejifunza kwamba kuomba hakuleti biskuti, kulia hakuleti, kugaagaa kunaleta. Mama naye amejifunza kwamba biskuti huzima kelele na aibu mara moja. Tangu mwaka 1898 Edward Thorndike alipowafungia paka kwenye masanduku na kuhesabu muda walioutumia kujitoa ili wakafikie chakula, wanasaikolojia wamekuwa wakisema jambo moja kwa namna mbalimbali: tendo linaloleta matokeo mazuri hurudiwa. B. F. Skinner aliyemfuata aliita hali hii uimarishaji. Tabia ya mtoto imeimarishwa kwa kupewa kitu. Tabia ya mama imeimarishwa kwa kuondolewa kero, na huo ndio uimarishaji hasi, ambao watu wengi, wakiwemo walimu niliosoma nao ualimu, huuchanganya na adhabu. Adhabu hukusudia kupunguza tendo. Uimarishaji hasi huliongeza. Gerald Patterson, aliyetumia miaka mingi huko Oregon, Marekani, kuzitazama familia zikiwa majumbani mwao, alionyesha jinsi mzazi na mtoto wanavyofundishana ukali namna hii, kila mmoja akipanda ngazi moja juu ya mwenzake, bila yeyote kukusudia.

Kinachoifanya tabia ya namna hii iwe ngumu kung'oka ni kutoa mara mojamoja. Skinner na mwenzake Charles Ferster walilichunguza suala hili kwa njiwa katika kitabu kikubwa walichokitoa mwaka 1957. Njiwa aliyezoea kupata punje kila anapodonoa huacha upesi punje zikikatika. Aliyezoea kupata bila kujua ni lini, huendelea kudonoa na kudonoa. Mzazi anayenyima mara tisa na kutoa ya kumi hujiona ana msimamo. Mwanawe amejifunza kulia mara kumi.

Mwaka 1959 C. D. Williams alichapisha ripoti fupi mno kuhusu mtoto wa miezi 21. Alikuwa ameugua sana sehemu kubwa ya maisha yake na kuzoea kukaliwa na mtu chumbani mpaka apitiwe na usingizi. Alipopona, aliendelea kudai hivyo kwa vilio vikali, na mzazi alikwama chumbani kati ya nusu saa na saa mbili kila usiku. Daktari alipothibitisha kuwa ni mzima, wazazi wakaamua kumlaza kwa utaratibu, kumuaga na kutoka. Usiku wa kwanza alilia dakika 45. Kilio kikapungua, na kufikia mara ya kumi hakulia kabisa, alitabasamu wakati wanatoka. Baada ya wiki moja hivi akaja kumlaza ndugu wa kike wa mmoja wa wazazi. Mtoto akapiga makelele, yule ndugu akarudi chumbani akakaa naye mpaka akalala. Ikabidi wazazi waanze upya, karibu kana kwamba hawakuwahi kuanza.

Katika nyumba zetu huyo ndugu yupo kila siku. Kuna bibi, kuna shangazi, kuna dada wa kazi aliyeambiwa asimlize mtoto, kuna baba anayerudi usiku na hana muda wa kubishana. Simlaumu hata mmoja wao, na sitaki mtu asome ripoti hii akamwachia kichanga alie chumbani. Mtoto mwenye njaa, mgonjwa au mwenye hofu akilia ameita, na anayeita huitikiwa. Ninachosema ni kwamba watu wanne wakimjibu mtoto kwa namna nne, yeye hutulia kwenye jibu lile lililowahi kumpatia alichotaka.

Sasa fimbo. Nilikuwa darasa la nne. Mwalimu wetu wa Hisabati alikuwa akipita kati ya madawati na fimbo ya mpera, anauliza jedwali la kuzidisha kwa kuruka. Akisimama nyuma yako unaisikia pumzi yake. "Saba mara nane?" Jana usiku nililijua jibu, nilimtajia mama yangu jikoni bila kusita. Pale darasani kichwa kilikuwa cheupe kama karatasi. Nikanyoosha kiganja. Mwaka ule nilijifunza mambo mawili barabara: kukaa dawati la katikati, ambako mwalimu alifika akiwa amechoka, na kuliogopa somo zima. Nina miaka hamsini na kitu, na bado mtu akiniuliza hesabu ghafla viganja vinatoka jasho. Mwalimu yule hakuwa katili. Alitaka tufaulu. Alikuwa anagonga chuma nyuma ya kichwa kila tunaponyoosha mkono kuzishika namba.

Kanuni za adhabu ya viboko za Tanzania Bara, zilizotolewa upya mwaka 2002, zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe kwa kosa kubwa, na mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, kisha viandikwe kitabuni. Kukosea saba mara nane hakumo. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Katiba yake ya mwaka 2010 inamkinga kila mtu na adhabu ya mwili. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Na Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walipokusanya mwaka 2016 tafiti za miaka hamsini kuhusu kuchapa nyumbani, zilizohusu zaidi ya watoto 160,000, hawakuona uhusiano wa kuchapwa na utiifu wa kudumu. Waliona uhusiano wake na ugomvi, na utovu wa nidhamu, na unyonge wa moyo.

Kwa nini basi inaendelea? Mwingize mwalimu mmoja kwenye darasa la watoto themanini, wanne kwenye dawati la wawili, mvua inapiga bati. Anagonga fimbo mezani mara moja na kelele zinakatika. Hakuna mbinu aliyofundishwa chuoni inayomlipa haraka kiasi hicho. Mwalimu naye anaimarishwa, siku baada ya siku, kama yule mama dukani. Anayemtaka aweke fimbo chini bila kumpunguzia watoto darasani na bila kumwonyesha kitu kingine kinachofanya kazi saa ileile, anamtaka aache kitu pekee kinachomnyamazishia darasa.

Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986, kile cha kuzikomboa akili kutoka ukoloni, jinsi shuleni kwao mtoto aliyesikika akisema Kikuyu alivyochapwa au kutundikwa kibao shingoni, na jinsi kitufe kilivyopita mkono kwa mkono kutoka kwa mkosaji mmoja hadi mwingine ili jioni wajulikane wote. Baadhi ya shule zetu, hata leo, zina namna yake ya kumwadhibu anayesikika akisema Kiswahili. Nia ni kwamba watoto waongee Kiingereza. Lakini hebu fikiria kwa macho ya mtoto. Akisema Kiswahili anaadhibiwa. Akisema Kiingereza kibovu anachekwa. Akinyamaza hapati lolote baya. Shule imewajengea watoto ukimya kwa miaka minne mfululizo, kisha mwalimu anauliza swali, anaona macho sitini yanatazama sakafu, anasema watoto wa siku hizi hawana akili ya kujibu.

Waliochoka na fimbo hukimbilia zawadi, na hapo pia pana mengi ya kuangalia. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio la shule ya awali katika Chuo Kikuu cha Stanford. Waliwachagua watoto waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nyota na utepe kama litachora. Jingine lilipewa cheti kwa kushtukizwa. La tatu halikupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zilipowekwa mezani bila ahadi yoyote, wale walioahidiwa walichora kwa muda wa nusu tu ya wenzao. Mchezo ulikuwa umegeuzwa kazi ya malipo, na malipo hayapo tena.

Hata hivyo sitasema zawadi ni mbaya, maana Busia, magharibi mwa Kenya, ilionyesha vingine. Mwaka 2001 na 2002 wasichana wa darasa la sita waliahidiwa ufadhili wa masomo wakiingia katika asilimia 15 ya juu. Michael Kremer, Edward Miguel na Rebecca Thornton walikuta alama zimepanda, tena hata kwa wasichana waliokuwa nyuma sana na wasingeweza kushinda. Wavulana, ambao hawakuahidiwa chochote, nao walinufaika, na walimu walihudhuria zaidi. Lakini katika mpango mwingine wa eneo hilohilo, walimu wa shule 50 waliahidiwa zawadi kwa matokeo ya mitihani ya wanafunzi wao. Waliongeza vipindi vya kujiandaa na mtihani. Hawakuongeza kazi za nyumbani wala mahudhurio, na mpango ulipokwisha, faida kwa watoto haikudumu. Waliotoa zawadi walipata walichokilipia: mazoezi ya mtihani.

Wala mtoto si njiwa. Mwanangu alipokuwa na miaka mitatu alikuwa akisema "majicho" na "majino". Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuyasema maneno hayo, wala aliyempa pipi kwa kuyasema. Aliyaunda mwenyewe, kwa kanuni aliyoigundua mwenyewe, na hilo ndilo Noam Chomsky alilomjibu nalo Skinner mwaka 1959: mtoto husema ambayo hajawahi kuyasikia. Ndani yake mna kitu kinachofikiri. Ndiyo sababu nadhani tunapaswa kuogopa kidogo tunapogundua jinsi ilivyo rahisi kumjengea hofu, au ukimya, au kilio.

Baada ya ile safari ya kliniki nilichukua karatasi nikaibandika kwenye mlango wa friji, nikachora mstari katikati. Mwanangu huyo, wa mwisho, sasa ana miaka mitano. Kila nilipomwita kwa sababu ya kosa, niliweka alama kushoto. Kila nilipomwita kwa sababu amefanya jambo jema, au bila sababu yoyote, kulia. Kufikia Ijumaa upande wa kushoto ulikuwa umejaa hadi chini, nikawa naandika pembeni. Kulia kulikuwa na alama za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Jumapili asubuhi nilimkuta sakafuni anapanga vizibo vya soda kwa rangi, kimya, amevipanga mstari mrefu mpaka chini ya kochi. Siku zote mtoto akiwa kimya huwa napita kwa kunyata nisije nikaiharibu amani. Safari hii nilikaa chini karibu naye, nikamwita jina lake, nikamuuliza kwa nini kizibo chekundu amekiweka peke yake. Hakunijibu mara moja. Alirudisha mikono yote miwili mapajani, akanitazama usoni kujua amekosea nini.